Mtambo wa Mlango wa Jikoni

Majuzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja mjini Moshi, kijana aliyeweka meza yake kwenye kibaraza cha duka la vipuri. Alipogusisha chuma chake cha moto kwenye waya wa risasi, moshi mwembamba ukapanda na harufu ikanifikia kabla sijajiandaa. Ni harufu kali yenye utamu kidogo, kama ubani uliochomwa pamoja na plastiki.

"Mama, moshi unakuumiza?" kijana akaniuliza.

Nikamwambia hapana, ingawa macho yalikuwa yamejaa machozi. Ningemwelezaje? Harufu ile kwangu ni ya sebule yetu ya utotoni, mtaa wa Pasua, mchana ambao mwanamume mmoja alipanda juu ya stuli yetu na kutuwekea mtambo ukutani, nami nikaamini kwamba wezi wa Moshi sasa wamepata dawa yao.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka simu ya nyumbani ilivyokuwa siku zile. Ilikuwa na meza yake, na ilivalishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Yetu ilikuwa na kufuli dogo kwenye kile kidude cha kuzungusha namba, ili wageni wasije wakajisahau. Tuliipata kwa sababu baba alikuwa akiongoza watalii mlimani, na kampuni iliyomwita kazini ilitaka kumpata wakati wowote. Mama naye alikuwa na duka la vitenge karibu na stendi ya mabasi, na pale dukani kulikuwa na simu ambayo watu walikuja kuitumia kwa kulipia. Kwa hiyo tulikuwa na simu mbili, moja kila upande wa maisha yetu, na katikati yake, nyumbani peke yake, akawa Bibi.

Bibi alikuwa mama yake baba. Maisha yake yote aliishi Mwika, juu kwenye miteremko ya mlima, kwenye kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba ya ukoo. Kwa desturi yetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki pale na wazazi, na mtoto wa mwisho wa kiume alikuwa baba. Lakini bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu walikuwa wanang'oa mibuni na kupanda nyanya, na vijana wa umri wa baba walishuka wote mjini. Babu alipofariki, Bibi akabaki kule na ng'ombe wake mmoja. Wanaume wa mtaa ule walikuwa wakigawana maji ya mfongo, mfereji unaoletwa kutoka juu msituni, kila nyumba kwa zamu yake. Bibi alikwenda mwenyewe kusimamia zamu ya marehemu mumewe, jembe begani, akasimama katikati ya wanaume mpaka wakamzoea. Baba alipenda kutusimulia hilo. Alilisimulia kwa fahari.

Siku moja majirani walituma habari kwamba moshi ulionekana kwenye nyumba ya Bibi, wakakuta sufuria imeungua hadi imetoboka na yeye amekaa pembeni anachambua maharage. Wiki hiyohiyo baba akapanda kumchukua.

Nilifurahi sana. Nilikuwa mtoto pekee wakati ule, na nyumba yenye Bibi ilikuwa na mtori wa ndizi na nyama, hadithi, na mtu wa kulala naye kitanda kimoja. Aliniita Ndeshi. Jina langu si hilo, lakini nilidhani ni jina la utani alilonichagulia kwa mapenzi, nikaliitikia kwa furaha. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba Ndeshi alikuwa mdogo wake, aliyekufa kwa surua akiwa msichana wa umri wangu.

Kitu kimoja tu kilinitisha. Bibi alikuwa akiibiwa. Leo limetoweka kopo lake la ugoro, kesho kilemba chake cha kanisani, keshokutwa sabuni. "Wezi!" alisema kila asubuhi, akiinua mito na kukung'uta shuka. "Mji huu umejaa wezi." Wasichana wa kazi hawakukaa. Wa kwanza aliondoka akilia baada ya Bibi kumpekua mbele ya majirani, wa pili hata hakuaga. Kopo la ugoro tulikuja kulikuta ndani ya unga wa sembe, na mimi nikaona jinsi mwizi huyo alivyo hodari, anaiba na kuficha vitu vya mtu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ndipo baba akaja na kisanduku. Maduka ya mjini siku zile yalikuwa yamejaa vitu vya Dubai, vitu ambavyo wazazi wetu walikuwa wakivisikia tu: pasi za mvuke, saa za ukutani zinazoimba, na ving'ora vya kufunga majumbani kwa watu wenye mali. Kisanduku chenyewe kilikuwa cheupe, kidogo kuliko Biblia ya Bibi, kina vitufe na taa nyekundu. Baba alimketisha Bibi kwenye kochi, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, umesema kuna wezi."

"Wapo. Nani amekwambia hawapo?"

"Ndiyo maana nimeleta huu mtambo. Mlango wa jikoni ukifunguliwa tu, unapiga simu wenyewe mpaka dukani. Sisi tunakuja mbio."

Bibi akakipokea kile kisanduku kwa mikono miwili, akakigeuzageuza. "Aika, mwanangu," akasema. Asante. "Sasa nitalala."

Fundi alikuja na sanduku la vyuma. Aliitwa fundi Temba, mtu mchangamfu. Alifunga kipande kimoja kidogo juu ya mlango wa jikoni na kingine kwenye fremu, akapitisha waya juu ya dari, akaishusha sebuleni nyuma ya simu. Mlango wa mbele tulikuwa tukiufunga kwa ufunguo, lakini huo wa jikoni baba alikataa katakata usifungwe. Nilimsikia akimwambia mama, "Simfungii mama yangu ndani kama mbuzi." Nilishangaa. Mtu anaogopa wezi, halafu anawaachia mlango wazi?

Fundi naye alishangaa, ila kwa jambo jingine.

"Mzee, hiki king'ora nikifunge wapi? Juu ya paa au hapa barazani?"

"Usikifunge," baba akasema.

"Nisikifunge! Sasa mwizi ataogopa nini?"

"Nataka simu ipige tu. Kimyakimya."

Fundi alimtazama baba, kisha akamtazama Bibi aliyekuwa amekaa barazani akimenya ndizi. Aliinama akaendelea kuchoma waya zake, na ile harufu ikajaa sebule nzima. Mimi nilikwishapata jibu langu: baba anatega. King'ora kingemkimbiza mwizi, lakini ukimya utamfanya aingie hadi chumbani, na hapo ndipo atakamatwa. Nilimwona baba kuwa mtu mwenye akili kuliko wote.

Mwishoni kulikuwa na kazi ya kurekodi sauti, maana mtambo ule ukishapiga namba ulikuwa unasema maneno utakayoupa. Baba alijaribu akashindwa. Mara mbili alianza na kukohoa, kisha akatoka nje akasimama kwenye uzio akiutazama mlima, ingawa siku hiyo mlima ulikuwa umejifunika mawingu. "Sema wewe," akamwambia mama. Mama akanituma nikakae na Bibi barazani, akafunga mlango. Sikusikia alichosema.

Tangu siku hiyo nilivaa ufunguo mdogo shingoni. Mama alipotoka asubuhi alizungusha ufunguo wake kwenye swichi iliyokuwa nje ya mlango wa jikoni, taa nyekundu ikawaka. Nilipotoka shule mimi nilizungusha wangu, ikazimika, na Bibi na mimi tukawa huru kuingia na kutoka. Watoto wa darasa letu walikuwa na rozari na misalaba. Mimi nilikuwa na ufunguo wa wezi.

Likizo ilipofika nilishinda dukani na mama. Kazi yangu ilikuwa kukunja vitenge na kupokea simu, nayo nilijivunia sana. Asubuhi moja simu ikalia. Mama alikuwa anampimia mteja kitambaa, mkono umenyooka kutoka begani, sindano za kubania nguo mdomoni. Nikainua.

"Haloo, dukani kwa—"

"Mama ametoka nyumbani," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Nilimtazama mama. Alikuwa palepale, sindano mdomoni, anahesabu urefu kwa kutikisa kichwa.

"Mama ametoka nyumbani. Tafadhali njooni."

"Ndiyo, ametoka," nikaijibu kwa adabu. "Yuko hapa dukani."

"Mama ametoka nyumbani."

"Nimesema yuko hapa! Anapima kitenge!"

Mama aligeuka. Sijui aliona nini usoni kwangu. Aliruka meza ya duka, akaninyang'anya simu, akasikiliza kidogo tu, akaiachia ikaning'inia kwenye waya wake. Alitema sindano mkononi. "Kaa hapa," akaniambia, kisha akamgeukia yule mteja, "Dada yangu, nisamehe, nikalie na mtoto," akatoka mbio na kitambaa cha mteja bado kikiwa begani.

Niliikamata simu ile na kuisikiliza tena, na sauti ya mama yangu ikanirudia kwamba mama ametoka nyumbani. Nikaelewa, kwa namna yangu. Mwizi alikuwa amekwenda mbali zaidi ya sabuni na ugoro. Sasa ameiba sauti ya mama, anatupigia nayo, anatutoa dukani.

Mama alirudi baada ya muda mrefu, kanga imejaa vumbi, akamwomba radhi mteja ambaye kweli alikuwa amenikalia.

"Mwizi amekamatwa?" nikauliza.

"Hakuna kilichopotea," mama akasema. Akakaa juu ya robota la vitenge, akakaa tu, mikono mapajani.

Mtoto huyasikia maneno ya watu wazima yote, ila anayapanga kwa mpango wake. Ningeendelea hivyo labda mwaka mzima kama si Bibi mwenyewe. Jumamosi moja alinishika mkono, akaniwekea kidole mdomoni.

"Ndeshi. Njoo nikuonyeshe mwizi. Nimempata."

Tulinyata kwenye korido mpaka chumbani kwa wazazi wangu, mahali ambapo sikuruhusiwa kuingia bila kuitwa. Bibi alisukuma mlango taratibu. Ndani kulikuwa na kabati la nguo lenye kioo kirefu. Akanyoosha kidole.

"Huyo mzee. Kila nikija yupo, na kila siku amevaa nguo yangu. Mwangalie, hana hata aibu."

Nilitazama. Nilimwona Bibi, na kilemba chake, na kidole kilichonyooshwa, na mtoto mmoja aliyeshikwa mkono amesimama kinywa wazi. Sikumbuki nilichofikiri. Nakumbuka tu kwamba mkono wa Bibi ulikuwa na joto na mkavu, na kwamba nilitaka kuuachia na nikaukaza zaidi.

"Twende tumwache, Bibi," nikasema. "Mtambo utamwita baba."

"Eh. Utamwita." Akaridhika.

Jioni nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anakoroga mtori kwa mwiko. Nikamweleza habari ya kioo.

"Mama," nikasema, "yule mama wa kwenye simu, anayetoka nyumbani. Ni Bibi?"

Mama aliuweka mwiko chini. "Ni Bibi," akasema. "Mimi namwita Mama, si unajua? Bibi yako anasahau. Anatoka, halafu njia inampotea. Siku ile nilimkuta barabarani katikati ya malori, anauliza watu kama wamemwona ng'ombe wake." Akajifuta jasho kwa ukingo wa kanga. "Tusimwambie. Anafikiri tunamlinda na wezi. Mwache afikiri hivyo. Mtu mzima akijua analindwa asitoke nyumbani kwake mwenyewe, heshima yake inabaki wapi?"

Usiku huo nililala na Bibi kama kawaida, akanifunika mabega. Nilikuwa nimehamia upande wa watu wazima, na upande ule ulikuwa na baridi.

Mvua za vuli zilipokaribia, baba alipanda mlimani na kundi la wageni. Siku ya pili ya safari yake nilirudi kutoka shule nikakuta mlango wa jikoni uko wazi kabisa, kuku wa jirani wanadonoa ndani. Sebuleni taa nyekundu ilikuwa inapepesa, na kisanduku kinalia tik, kinanyamaza, kinalia tena. Niliinua simu. Hakukuwa na mlio wowote, hata ule mvumo wa siku zote. Ilikuwa kama kuweka sikio kwenye jiwe.

Tulikuja kujua baadaye kwamba wezi, wezi wa kweli, walikuwa wamekata waya za simu kutoka kwenye nguzo za barabara yetu na kwenda kuziuza kwa ajili ya shaba. Mtambo ulifanya kazi yake kama baba alivyotaka. Mlango ulipofunguliwa uliita na kuita, na hakuna mtu aliyesikia.

Nilikimbilia kwa Mama Zuhura, jirani yetu aliyekaanga vitumbua mbele ya nyumba yake. Hakuniuliza mara mbili. Alimtuma mwendesha baiskeli mmoja dukani kumwita mama, akaita watu wawili watatu wa mtaani. Kila mtu alisema neno moja: bibi kizee wa Mwika akitoka, anakwenda Mwika. Wakaelekea juu, upande wa barabara ya Himo. Mama naye, tuliambiwa, alifika, akasikia hivyohivyo, akapanda gari la kwanza la kuelekea huko.

Mama Zuhura alibaki na mimi. Alifunika kikaango chake, akachuchumaa mbele yangu.

"Mwanangu, shikilia akili. Bibi yako mkikaa huku barazani, anazungumza nini?"

"Anazungumza maji."

"Maji gani?"

"Ya mfereji ule wa kule chini. Akiyasikia anauliza leo ni zamu ya nani."

Mama Zuhura akasimama. Kule nyuma ya Pasua kulikuwa na mfereji mkubwa wa zege unaopeleka maji kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini. Alivua viatu, akajifunga kanga kiunoni, tukaanza kuufuata. Maji yalikuwa yanateremka kwa kasi pembeni yetu, ya rangi ya chai ya maziwa. Nilimwambia Bibi hawezi kuwa huku, kwao ni juu, na Mama Zuhura akajibu bila kugeuka, "Kwao ni kwenye maji. Sisi tunafuata maji."

Jua lilikuwa kali. Nyumba zikaisha, migomba ikaisha, ardhi ikawa tambarare na kijani kibichi cha mpunga kikafunguka mbele yetu kwa upana ambao sikuwahi kuuona. Nilikuwa mtoto wa miteremko, sijazoea nchi isiyo na kilima. Nilikuwa naangalia ndani ya mfereji kila tulipopita kwenye daraja dogo, na nilikuwa naomba nisione kitu.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa anagomba.

Alikuwa amesimama kwenye tuta katikati ya mashamba, matope mpaka magotini, kiatu kimoja mguuni, kilemba kimekwenda upande. Mbele yake mwanamume mmoja mrefu alikuwa amesimama na jembe, ameinamisha kichwa. Wanawake waliokuwa wanapandikiza mpunga walikuwa wamenyoosha migongo wanatazama.

"Mume wangu amekufa, si zamu yake iliyokufa!" Bibi alikuwa akisema. "Leo ni zamu ya nyumba yetu. Nani amekwambia ufungulie?"

"Nimefunga, Bibi," yule mwanamume akasema. "Tazama, nimeshafunga. Yote yanakwenda kwako."

Na kweli alikuwa amefunga. Kibao cha kuzuia maji kilikuwa chini, na shamba lake lilikuwa linakauka taratibu nyuma yake.

Mmoja wa wale wanawake alikuja kutupokea. Alituambia Bibi alifika tangu mchana, wakampa uji akanywa, wakamfunika kanga akaivua. "Tulimwuliza kwao akatuonyesha huko kwenye maji," akasema. "Tukaona tusimhangaishe. Tumesema atakuja mtu. Mzee kama huyu hakosi mtu."

Mama Zuhura alinisukuma kidogo mgongoni. Nikatembea kwenye tuta. Sikujua nimwambie nini. Nikasema, "Shikamoo Bibi."

Akageuka. Uso wake ulikuwa umeiva kwa jua. "Marahaba, Ndeshi! Umechelewa. Chukua jembe, tuondoke. Maji yameshaingia kwetu."

Yule mwanamume akanipa jembe lake. Nililibeba begani mpaka barabarani. Alikuwa anatufuata nyuma, akalichukua pale gari lilipotusimamia, akamwambia Bibi, "Nisamehe, sitarudia."

Tulipofika nyumbani mama alikuwa amesharudi, amekaa kwenye ngazi ya jikoni, hana sauti, maana alikuwa ameita njia nzima. Alimwona Bibi akiteremka. Hakukimbia. Alikwenda ndani akaleta karai la maji ya moto, akamketisha Bibi kwenye stuli, akaanza kumwosha miguu, mguu mmoja, kisha mwingine, mpaka katikati ya vidole. Bibi aliangalia kichwa cha mama kilichoinama.

"Wewe ni binti wa nani?" akauliza kwa upole.

"Wa kwako, Mama."

"Yeuwi! Basi nimebarikiwa."

Baba aliposhuka kutoka mlimani, pua imebanduka ngozi kwa baridi na jua, alisikiliza yote akiwa amesimama na mfuko wake mgongoni. Kisha akaanza kusema maneno mengi kwa haraka. Shirika la simu litarudisha waya. Atatafuta mtambo mwingine wenye kengele. Atamwomba Mama Zuhura awe anachungulia. Mama alimwacha amalize.

"Mtambo hauna kosa," akasema. "Hata ungepiga, ungenikuta mimi niko mjini. Siku zote utanikuta niko mjini."

"Ni mimi niliyetakiwa kubaki kihambani," baba akasema. "Niseme kweli. Ni mimi. Nitaacha mlima."

"Ukiacha mlima tutakula migomba mitupu? Duka nitampa mdogo wangu aliendeshe. Mimi nitapanda Mwika na Mama. Kule hata akipotea, amepotea kwa watu wanaomjua jina."

Baba alishusha mfuko. Alikaa chini sakafuni, kama siku ile alipompigia Bibi magoti, lakini sasa mbele ya mama, akafunika uso. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia. Mama aliniambia nikaangalie maziwa jikoni. Hapakuwa na maziwa yoyote jikoni. Nilikwenda hivyohivyo.

Watu walimshangaa mama. Duka lile alilianza na vitenge vya kubeba kichwani, akazunguka navyo Moshi nzima mpaka akapata chumba, akapata mbao, akapata simu. Hakuwahi kunieleza alijisikiaje kuliacha. Nilimwona tu, siku ya kuhama, akishika kitambaa kimoja kimoja kwenye rafu, akikigusa, hakichukui.

Tulipanda Mwika jioni, na nyumba ya Bibi ikatupokea kwa harufu ya vumbi na kinyesi cha popo. Majirani walikuja na ndizi, na maziwa kwenye kibuyu, na moto. Walimsalimia Bibi kwa Kichagga, akawaitikia wote, akawauliza habari za watoto wao, na baba akamtazama mama kwa macho yaliyosema, unaona, anapona. Mimi pia nilidhani hivyo. Sote tulilala tukiamini kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa mji, na kwamba tumeuacha kule chini.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye migomba. Bibi alitoka nje, akasimama katikati ya uwanja wake, penye kaburi la mume wake na mibuni aliyoipanda kwa mikono yake. Alitazama upande huu, akatazama upande ule, kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kukaa muda mrefu kwa watu. Kisha akamwendea mama.

"Binti yangu, mmetukaribisha vizuri," akasema. "Lakini tutarudi lini nyumbani?"

Baba aliingia ndani. Mama alibaki amesimama, ndoo mkononi. Niliona uso wake unataka kuvunjika. Nilifikiri juu ya duka, na vitambaa kwenye rafu, nikafikiri sasa atapiga kelele, na angekuwa na haki.

"Kesho, Mama," akasema.

"Kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Aika," Bibi akasema. Akatabasamu, akachukua mundu ukutani, akaenda kukata majani ya ng'ombe, na mkono wake ukaijua kazi.

Nilimsogelea mama. "Umemdanganya," nikanong'ona.

"Kesho asubuhi tukiamka tutakuwa wapi?"

Niliangalia nyumba, na moshi uliokuwa unaanza kutoka jikoni, na Bibi aliyekuwa ameinama kwenye majani.

"Nyumbani," nikasema.

"Haya basi," mama akasema, akanipa ndoo nikateke maji.